Kwanza Anyonye Nimuone

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwingiza mtoto wa watu miguu yote miwili katika tundu moja la kulote, ile chupi ya kupimia, nikamtundika kwenye mzani hivyo hivyo, akawa anazunguka kama paja la mbuzi kwa muuza nyama. Mama yake akaanza kunitukana mimi na ukoo wangu wote. Mama Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya hapa Ruashi, hakutukana mtu. Alikuja bila haraka, akamkinga mtoto kwa kiganja, akaniuliza:

“Weye, ulisoma?”

“Niko na diplome, Mama. Pédagogie.”

“Muzuri. Kulote iko na matundu ngapi?”

“Mbili, Mama.”

“Na mutoto iko na miguu ngapi?”

Akina mama wote wa benchi wakacheka, hata yule aliyekuwa ananitukana. Ndivyo nilivyoanza.

Niseme mapema kwamba mimi si mzee. Wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa na mvi na pensheni. Mimi nina watoto wawili, masomo ya sekondari na hasira. Lakini kazi ya kipimo niliifanya miaka ya kutosha, sasa nimeiacha, na wasichana wa kartiye, mtaa wetu huu, wanaozaa leo wananifuata mlangoni na maswali: yaya, yaani dada, wanamfanya nini mtoto kule ndani? Kwa nini wanamvua nguo? Kwa nini wanamkunja miguu kama chura? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni.

Na hasira inatoka wapi? Inatoka hapa: kazi niliyowafanyia wengine ilinirudia mwenyewe, na kwa sababu ya mshale wa mzani familia ya bwana wangu ilitaka kuninyang'anya mwanangu wa kwanza na kunirudisha kwa baba yangu kama mwanamke mchafu. Nitafika huko. Kwanza kazi.

Kipimo ni jina letu la siku ya kupima watoto wachanga na kuwachanja. Mzani wenyewe ni kama saa kubwa ya duara yenye mshale mmoja, unaning'inia kwenye boriti ya baraza. Kulote ni chupi yenye mikanda miwili mirefu: unamvalisha mtoto, unatundika mikanda kwenye ndoana, mshale unasema. Kila mama anakuja na kulote yake, nyingi zimeshonwa kwa mabaki ya kitenge. Na kwa kuwa kulote nayo ina uzito wake, unaitundika kwanza ikiwa tupu, unarudisha mshale kwenye sifuri, ndipo unamtia mtoto. Usipofanya hivyo unapima nguo, humpimi mtoto. Mama Titulaire alinifundisha hilo asubuhi ile ile, baada ya kicheko.

Yeye alikuwa wa familia ya Kiislamu, ya wale ambao babu zao walishuka kutoka Maniema na biashara zao. Mtandio mweupe, kucha fupi, sauti ya chini. Kila mtoto aliyembeba alimsemea “Bismillahi” kwanza. Siku moja mama mmoja wa kanisa la uamsho akamkatalia.

“Mama, mutoto wangu ni wa Yesu.”

“Ni muzuri. Basi Yesu anisaidie kumubeba, juu iko muzito.”

Mama yule akampa mtoto, na yeye mwenyewe akacheka.

Sasa sikilizeni namna alivyofanya kazi, maana sijaona mwingine akiifanya hivyo. Vituo vingi vinaanza na mzani kwa sababu foleni ni ndefu. Yeye alianza na ziwa. Kulikuwa na kiti kimoja karibu na dirisha. Mama anaketi, anamnyonyesha mtoto, na Mama Titulaire anakaa pembeni akijifanya anapanga pamba. Hakuna pamba aliyopanga. Alikuwa anasikiliza.

“Kwanza anyonye nimuone,” ndivyo alivyosema kwa kila mmoja. Na kwangu aliongeza: “Mutoto anayenyonya vizuri utamusikia anameza. Anavuta, anavuta, anameza. Kama unasikia tu ta, ta, ta, kama muntu anayeita kuku, kuna kitu. Usiende ku mzani bila kujua ile kitu ni nini.”

Baada ya ziwa mtoto anavuliwa nguo. Zote, mama, hata soksi. Mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi inapouma na vumbi jekundu la mgodi limeingia hadi kwenye meno, akina mama wanakataa. Mama Titulaire alikuwa na chupa ya maji ya moto aliyoifunga kwenye kanga, mtoto analazwa juu ya joto. Anapimwa uzito, anapimwa urefu akiwa amelala, kichwa kinazungushiwa utepe. Msiogope utepe. Kichwa kinapimwa ili kujua kama kinakua kwa mwendo wake, si kwa sababu kuna mtu anasema mwanao ana kichwa kikubwa.

Kisha vidole vinapita juu ya utosi, pale laini panapodunda. Hapo ndipo nilipoona uvumilivu wake. Nusu ya watoto wetu wanafika na dawa ya lukunga, majani yaliyosagwa na kubandikwa juu ya utosi hadi yanakuwa kama udongo mkavu. Wauguzi wengine wanafoka. Yeye alichukua maji ya uvuguvugu, akalainisha, akaosha mwenyewe, huku akimuuliza mama nani alimpa dawa na mtoto alikuwa na nini. Utosi ukiwa umebonyea sana, mtoto hana maji mwilini. Ukiwa umevimba, kuna hatari nyingine. “Mama yake aliona kitu njo maana akatafuta dawa,” aliniambia. “Nikimutukana, siku ingine hatanionyesha.”

Halafu macho: anapitisha kifuniko cha chupa chenye rangi mbele ya uso, anatazama kama mtoto anakifuata. Masikio: anapiga kofi nyuma. Kifua na moyo, tumbo, kitovu. Nyonga, hiyo ndiyo miguu ya chura: anaikunja, anaifungua polepole, anasikiliza kama mfupa unaruka kutoka mahali pake. Mtoto wa kiume anaangaliwa kama mayai yake, yaani korodani, yameshuka. Mama naye anaulizwa: unalala? Unakula? Unalia bila sababu? Msijibu “niko muzuri” kwa adabu. Ile ni sehemu ya kipimo. Mwisho ndiyo matone ya mdomoni na sindano ya paja. Jioni mtoto anaweza kupata joto kidogo na kulialia, ni kawaida. Joto likipanda sana, akikataa ziwa au mwili ukitikisika, unarudi bila kungoja siku yako.

Bwana Superviseur wa zone ya afya alikuja na pikipiki yake siku moja, akasimama barazani akiangalia foleni.

“Mama Titulaire, unakawia sana ku mutoto moja moja.”

“Ni kweli, Chef. Basi unionyeshe na kidole mutoto ule niruke.”

Akina mama wote wakamgeukia. Bwana Superviseur akaangalia benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, watoto wote mapajani mwa mama zao, akavaa kofia yake ya pikipiki. Hakuonyesha mtu.

Nilipelekwa pia Makomeno, mtaa wa matajiri, msimu mmoja wa mvua, kusaidia katika kituo kidogo chini ya daktari mwanamke tuliyemwita Docteur tu. Huko mzani ulikuwa wa meza, watoto walifika kwa gari, akina mama wanasema Kifaransa na watoto wachanga kana kwamba watajibiwa. Docteur alinifundisha vizuri mambo ya nyonga na macho, sina neno baya juu yake. Lakini nilishangaa: mama wa nyumba ya vigae na mama wa nyumba isiyopigwa plasta walitetemeka vilevile mshale ulipotulia. Wote waliangalia uso wangu kabla ya kuangalia mzani. Nikajifunza kutuliza uso. Hiyo nayo ni kazi, na haifundishwi popote.

Nikarudi Ruashi, nikaolewa.

Bwana wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, wa familia ya Kikatoliki ya kaskazini. Baba yake alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Mzee yule alikufa kabla ya ndoa yetu. Mama yake, mamamkwe wangu, alizaliwa na kuzalia Mitwaba, huko kaskazini, kabla ya kumfuata bwana mjini. Nilipojifungua mvulana akapewa jina la babu yake, Monga. Kwao, mtoto anayebeba jina la marehemu hutolewa nje akiwa na kitu kilichokatwa kwenye nguo za kazi za yule mwenye jina. Mamamkwe akachukua salopeti, yaani ovaroli ya kazi ya reli ya mzee, ile ya buluu, kitambaa kigumu kama ngozi, akashona kulote. Akaweka vifungo vya chuma vilevile. Akaweka hata mfuko. Niwaambie ukweli, ilikuwa nzuri. Nililia nilipoiona.

Tulimpeleka Monga kipimo cha juma la sita. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi, na Mama Titulaire alikuwa amesafiri kwenda matangani kwa ndugu zake. Kwenye mzani kulikuwa na msichana mgeni. Alifanya sawa: akachukua kulote ili aitundike tupu. Mamamkwe akasimama.

“Hapana. Nguo ya mufu haitundikwe tupu. Unataka kuita nani?”

“Mama, kulote yote banatundika tupu kwanza,” nikasema. “Njo kazi.”

“Weye leo uko hapa mama ya mutoto. Kazi uliacha ku nyumba.”

Nilisema, basi. Nani alisikia? Mke anayebishana na mamamkwe mbele ya benchi zima la akina mama, hadithi yake inafika nyumbani kabla yake. Msichana wa mzani akaniangalia, akamwangalia mamamkwe, akamtundika mtoto pamoja na reli nzima ya babu yake. Mshale ukapanda vizuri sana. Mamamkwe akapiga vigelegele. Jioni tulichinja kuku, tukala na bukari, ugali wetu, na jirani zote wakajua kwamba Monga ni mzito kama babu.

Mimi nilijua kitu kimoja tu: kunyonyesha kulikuwa kunaniua. Chuchu zilipasuka, damu ikatoka. Mtoto alinyonya kidogo, maziwa yakamtoka pembeni mwa midomo, akalala, akaamka analia. Nilipouliza, kila mwanamke aliniambia lile lile: mtoto wa kwanza anauma, vumilia. Nikavumilia. Huo ndio wimbo wanaotuimbia tangu siku ya harusi.

Siku ya juma la kumi Mama Titulaire alikuwa amerudi. Tulipofika akanionyesha kiti cha dirisha. Lakini Monga hakutaka ziwa. Asubuhi bibi yake alikuwa amemnywesha maji ya sukari ili asilie njiani. Alilala kama jiwe. Mama Titulaire hakupenda, niliona, lakini akanyanyuka kwenda mzanini. Hapo akaiona kulote. Akaishika, akapima uzito wake mkononi, akaniangalia, akamwangalia mamamkwe.

“Hii ni nguo ya nani?”

“Ya babu yake. Haitundikwe tupu.”

“Sitaitundika.” Akamvua Monga, akaikunja ile salopeti vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akaiweka mapajani kwa mamamkwe. “Babu abaki hapa na weye, amwangarie mujukuu wake.” Akamvalisha Monga kulote nyepesi ya kituo.

Mshale ukasimama chini ya pale uliposimama juma la sita. Hata ukitoa uzito wa ile salopeti, mwezi mzima mtoto hakuongeza kitu ambacho mtu angekiona. Nikakumbuka kutuliza uso, nikashindwa.

Mama Titulaire akaeleza taratibu: mara ya kwanza tulipima nguo pamoja na mtoto, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mtoto haongezeki. Lazima tutafute sababu. Rudi kesho asubuhi, mtoto akiwa na njaa, asipewe maji. Alikuwa hajamaliza wakati mamamkwe aliposema, mbele ya benchi lote:

“Sababu inajulikana. Maziwa imeharibika.”

Kwa msomaji asiye wa kwetu: hilo si neno la chakula. Maana yake mama anayenyonyesha amelala na mwanaume mwingine, na maziwa yake yamekuwa sumu kwa mtoto. Ukiambiwa hivyo, huna pa kujitetea. Mtoto amekonda, ushahidi uko mgongoni mwako.

Jioni ile mamamkwe alimwita baba mkubwa wa bwana wangu, na wakapanga mkutano wa familia siku ya Mungu, yaani Jumapili. Uamuzi ulikuwa umeshapikwa: Monga aachishwe ziwa, ale uji, aende Mitwaba na bibi yake kwa ndugu zake, mimi nirudi kwa baba yangu hadi niseme jina la mwanaume. Bwana wangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake.

“Na weye, Baba Monga, unasema nini?” nikamuuliza.

Aliangalia simu yake. Simu ilikuwa imezima, haina chaji. Nimemsamehe mambo mengi, hilo bado.

Asubuhi nikambeba Monga mwenye njaa. Mamamkwe akavaa mtandio wake akanifuata. Sikumwomba. Alikuja kushuhudia, alisema, ili siku ya mkutano asidanganyiwe na watu wa kazi yangu. Na kweli, nilitaka Mama Titulaire amfukuze. Nilimwambia hivyo sikioni tulipoingia. Akanijibu kwa sauti, ili asikie na yeye:

“Bibi ya mutoto akae karibu. Iko na masikio kuliko weye.”

Nikaketi kwenye kiti cha dirisha. Monga alinivamia kwa njaa. Maumivu yakapanda hadi mabegani. Na katika kile chumba kimya tukasikia wote watatu: ta, ta, ta, ta. Kumeza hakuna. Ta, ta, ta, kisha kilio, kisha usingizi wa kuchoka.

Mama Titulaire akamletea mamamkwe beseni na sabuni.

“Nawa mikono, Bibi. Kucha iko mufupi? Muzuri.” Akatoka barazani akarudi na mama mwingine na mtoto wake wa umri ule ule, akamwomba mama ruhusa. “Utie kidole mu kinywa ya huyu. Polepole, nyama ya kidole ikiangaria juu.”

Mamamkwe akatia. Nikaona uso wake unashtuka. “Anakamata,” akasema. “Ulimi inafunika kidole, inavuta.”

“Nawa tena. Sasa Monga.”

Akatia kwa Monga. Akangoja. Akabadilisha upande. Akangoja.

“Unasikia nini?”

“Ufizi. Inatafuna na ufizi.”

“Ulimi iko wapi?”

“Iko nyuma. Haifike.”

Mama Titulaire akamwinulia Monga ulimi kwa kidole chenye glovu, akamgeuza kuelekea mwanga. Chini ya ulimi kulikuwa na uzi wa nyama, mfupi na mnene, umefika hadi nchani, umeufunga ulimi chini kama mbuzi kwenye kigingi. Mtoto akilia, ncha ya ulimi ilijikunja katikati badala ya kunyanyuka. Alikuwa nao tangu tumboni. Maziwa yangu yalikuwa tele. Yeye ndiye aliyeshindwa kuyavuta.

Hakusema “umeona sasa?” Hakumhubiria mamamkwe kuhusu mila. Angeweza, na mimi ningepiga makofi. Alimwambia tu kazi iliyobaki: tuende hospitali kubwa, daktari atakata ule uzi kwa mkasi uliochemshwa, ni jambo dogo. “Lakini muntu asikate ku nyumba na wembe, Bibi. Chini ya ulimi kuna mishipa. Nakupa weye kazi ya kuchunga ile.” Mimi akanionyesha kukamua maziwa na kumnywesha Monga kwa kikombe kidogo hadi tufike kwa daktari.

Mamamkwe alinifuata nyuma njia nzima. Alikuwa anakiangalia kidole chake.

Kesho yake daktari alikata. Monga alilia kidogo kuliko alivyolia kwa sindano. Nikampa ziwa pale pale kwenye benchi la hospitali, nikajiandaa kwa maumivu, nayo yalikuja nusu. Kisha nikamsikia: anavuta, anavuta, anameza. Nilimwinamia ili watu wasinione uso.

Lakini mkutano ulikuwa haujafutwa. Siku ya Mungu baba mkubwa alifika na wajomba wawili, wakaketi kwenye viti tulivyoazima. Mimi niliketi chini kwenye mkeka na Monga, mtuhumiwa. Nilikuwa nimefunga mfuko wa nguo, uko tayari nyuma ya mlango, kwa sababu sikujua mamamkwe atasema nini. Mtu anaweza kutia kidole na bado akasema alichotaka kusema. Baba mkubwa akaeleza jambo lililowaleta, akamwita mamamkwe atoe mashtaka yake.

Akasimama. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwanawe, bwana wangu.

“Huyu nilimuzaa ku Mitwaba,” akasema. “Alikuwa anashindwa kunyonya. Anatafuna, analia, analala. Akakonda. Bakaniambia maneno ile ile nilimuambia huyu binti. Mama ya bwana wangu akamubeba, akamupa uji. Miye nikarudishwa kwetu. Nilikuwa nakamua maziwa mu majani, juu hakuna muntu aliitaka. Bwana alinirudisha kiisha miezi mingi, akasema ananisamehe.” Akakaza kitenge chake kiunoni. “Sikuwa na bwana mungine. Lakini muntu wote walisema, basi nikafikiri pengine miye njo mubaya, mu mwili wangu, kitu sijue. Mupaka juzi. Nilitia kidole, nikasikia ile ufizi. Ni ufizi ya huyu, ile ilitafuna ziwa yangu.”

Akamwonyesha bwana wangu kwa kile kidole. Mwanaume mzima, fundi wa vyuma, akainamisha kichwa.

“Mashtaka hakuna,” mamamkwe akasema. “Mukule, kiisha murudi.”

Baba mkubwa alitaka kuongeza neno la hekima. Mamamkwe akamwekea sahani ya bukari mbele, naye akanawa mikono ale.

Nilirudi kazini baada ya likizo na nikafanya miaka mingine kadhaa kwenye mzani. Mama Titulaire alistaafu akarudi kuishi kwa binti yake. Siku ya mwisho alipima watoto hadi benchi likaisha, akavua glovu, akauliza kama kuna mwingine nje. Hakukuwa na hotuba. Titulaire aliyemfuata ni kijana mzuri, mwenye bidii, lakini anaanza na mzani. Nilimwambia kuhusu kiti cha dirisha. Akasema foleni ni ndefu. Nilipopata mtoto wa pili nikaacha, sasa nashona kulote kwangu, nazo ni nyepesi, kitenge tupu, bila mfuko wala kifungo.

Kuna wanaoniuliza kama mamamkwe aliniomba msamaha. Hakuniomba. Nami nimekaa nikifikiri kama nilikuwa na haki ya kumdai, na kila nikifika karibu na jibu ninamwona na majani yake kule Mitwaba, anakamua maziwa yake chini. Hapo hasira yangu inamwacha yeye na kuanza kutafuta mtu mwingine wa kumshika, na haimpati, maana neno lile la maziwa halina mwenyewe. Kila aliyelisema aliambiwa kwanza. Lakini hasira haijaisha na sitaki iishe. Wiki hii hii nimelisikia nyumba ya tatu kutoka hapa, anaambiwa msichana ambaye hajamaliza hata siku zake za uzazi, na wanaume wameketi wanaangalia simu zao.

Kwa hiyo ninyi mnaojifungua sasa: siku ya kipimo mpeleke mtoto akiwa na njaa, asipewe maji ya sukari. Mvue nguo zote, hata za heshima. Kama hawakuwaambia mnyonyeshe mbele yao, ombeni wenyewe, na foleni ingoje. Mkiumia, semeni mnaumia. Na mamamkwe akisema anataka kuja, usimkatalie. Mtafutie kiti.